Macho yaliyoingia ndani: kisa cha dada aliyetaka kuchomwa fila kabla ya sendoff

Dada huyu ana miaka 36, ni mtumishi wa serikali na mama wa watoto wawili. Alihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam wizara yake ilipohamishiwa Mji wa Serikali wa Mtumba, akapanga nyumba mtaa wa Kisasa. Alikuja kliniki ya ngozi mwishoni mwa Agosti, kipindi ambacho upepo wa Dodoma unaingiza vumbi hadi ndani ya kabati lililofungwa. Ameridhia kisa chake kiandikwe, na mambo machache ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha.

Shida yake aliieleza kwa kifupi. "Dokta, nimechoka kuulizwa kama naumwa."

Ofisini wanamuuliza kama alilala. Akienda kwao, mama yake mkubwa anamshika kidevu na kumwambia amekonda macho. Jirani mmoja alifikia hatua ya kumvuta pembeni na kumuuliza kama mumewe anamtesa. Nayataja haya mapema kwa sababu wapo, hata miongoni mwetu madaktari, wanaomwona mtu mwenye malalamiko haya kama mtu anayetafuta anasa. Watu wazima wa leo walikua wakati macho kuingia ndani yalisomwa kuwa dalili ya ugonjwa ambao watu waliogopa kuutaja. Kuulizwa "unaumwa?" wiki hadi wiki, kwa miaka, kunamchosha mtu kweli. Na mgonjwa akichekwa kliniki, ataondoka akamtafute mtu atakayemchukulia kwa uzito, awe amesomea kazi hiyo au hakusomea.

Yeye alikuwa ameshampata. Mtu mmoja wa mambo ya urembo, anayekuja Dodoma mara chache na kupokea wateja kwenye chumba cha hoteli, alikuwa amempangia tarehe. Angechomwa fila, yaani sindano ya kujaza mashimo ya chini ya macho: bomba zima la mililita moja kila upande, kwa shilingi laki tisa. Laki mbili alikuwa ameshatanguliza. Sendoff ya mdogo wake ilikuwa imebaki wiki saba, na yeye ndiye dada mkubwa, atakayekaa meza ya mbele na kupigwa picha kutwa nzima. Alichotaka kwangu ni jibu moja tu: fila ni salama au si salama?

Sikumjibu siku ile. Usalama wa tiba huwezi kuupima kabla hujajua inaenda kutibu nini, na chini ya macho yake palikuwa na mambo kadhaa yaliyolundikana mpaka yakaonekana kama jambo moja.

Taa ya juu, tochi ya mbele

Weusi wa chini ya macho unaweza kuwa doa, maana yake melanini, ile rangi ya ngozi, imezidi kwenye ngozi yenyewe. Unaweza kuwa rangi ya damu: ngozi ya hapo ni nyembamba kuliko karibu sehemu nyingine zote za mwili, kama nusu milimita hivi, kwa hiyo mishipa na msuli unaozunguka jicho vinaonekana kwa chini vikiwa na rangi ya zambarau. Unaweza kuwa kivuli, pale mafuta ya chini ya jicho na ya shavu yanapopungua na kuacha bonde. Na unaweza kutokana na uvimbe au mfuko wa mafuta unaotupa kivuli chini yake. Wagonjwa wengi wana mchanganyiko, na kila kimoja kina tiba yake. Ukuta wenye shimo, hata ukiupaka chokaa mara kumi, shimo litabaki palepale. Na doa la ukutani haliondoki kwa kuziba shimo.

Kuvitenganisha hakuhitaji mashine. Nilimkalisha chini ya taa ya darini, na bonde likaonekana lenye giza, limeanzia kona ya ndani ya jicho karibu na pua na kushuka kwa mshazari hadi katikati ya shavu. Kisha nikazima taa na kuwasha tochi ya simu mbele ya uso wake, usawa wa macho. Giza lilipungua kama nusu. Kilichopotea kilikuwa kivuli. Kilichobaki, rangi ya kahawia iliyokolea kwenye kope la chini na kupanda kidogo hadi la juu, kilikuwa doa. Nikampa kioo, nikarudia kuwasha na kuzima taa mbele yake. Alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ni viwili."

Vilikuwa zaidi ya viwili. Nilivuta ngozi ya chini ya jicho polepole kuelekea pembeni. Kivuli hufifia ukivuta hivyo, doa halifutiki. Lake halikufutika, ila katikati ya ile kahawia zambarau ilizidi kujitokeza, ishara kwamba ngozi imekonda na mishipa iko karibu. Nikamwambia atazame juu bila kuinua kichwa. Hakuna mfuko wa mafuta uliotokeza. Nikamtazama kwa ubavu kuona kama jicho limetangulia mbele ya mfupa wa shavu, kwa kuwa uso wa namna hiyo hauchukuani vizuri na fila. Wake ulikuwa karibu sawasawa. Kope la chini nililivuta na kuliachia, likarudi mahali pake mara moja.

Kisha nikamuuliza swali ambalo mtu wa hotelini hakumuuliza: asubuhi ukiamka, chini ya macho pamevimba? Akasema ndiyo, hasa miezi hii ya upepo, na uvimbe unapungua ikikaribia saa nne. Jibu hilo peke yake lilinitosha kusema sindano isubiri, na sababu nitaieleza.

Mikono na damu

Niliomba kuona mikono yake. Vidole vilikuwa na weupe wa kimanjano, na juu ya kila kifundo palikuwa na alama nyeusi, kavu, yenye mipaka. Ngozi ya vifundo ni nene na haikubali kung'arishwa kirahisi, ndiyo maana mtu anayejichubua anaweza kuficha kila kitu isipokuwa hapo. Aliirudisha mikono mapajani kabla sijasema neno.

"Dada, unapaka nini?"

"Losheni tu dokta. Nachanganyiwa sokoni."

Ilikuwa mkorogo, kwenye kopo lisilo na lebo, na alikuwa ameutumia kwa miaka minne. Chini ya macho je? "Kidogo tu, nikiwa namalizia na vidole." Niliangalia mashavu kwa lenzi, nikaona mishipa midogo imetanuka, na juu ya mfupa wa shavu la kulia vidoa vya bluu na kijivu.

Mkorogo hauna kipimo, lakini vinavyopatikana humo mara nyingi vinajulikana. Steroidi hung'arisha haraka, na zikipakwa kwa miaka hukondesha ngozi na kutanua mishipa. Zikiwa karibu na jicho zinaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila usimamizi, tena kwenye jua kali, kwa baadhi ya watu hugeuka na kuacha madoa ya bluu na kijivu mashavuni na chini ya macho. Hali hiyo inaitwa okronosisi, na kuiondoa ni kazi ngumu kuliko weusi aliouanza nao mgonjwa. Zebaki hupenya mwilini na kuumiza figo. Vyote vitatu vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko Shirika la Viwango, TBS, baada ya majukumu hayo kuhamishwa kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Lakini kopo linalojazwa nyuma ya duka halipiti mbele ya mkaguzi yeyote.

Kwa dada huyu, hapa ndipo ulipokuwa mzizi wa sehemu kubwa ya tatizo. Alipaka ili aondoe weusi wa chini ya macho, ngozi ikakonda, mishipa ikaonekana zaidi, akaona weusi umeongezeka, akaongeza kupaka. Na kwa kuwa uso uliobaki ulikuwa umeng'aa kuliko rangi yake ya asili, kila kilichokuwa cheusi kilizidi kujitenga. Hakuna sindano inayoweza kushindana na hali kama hiyo ikiwa bado inaendelea kila usiku kabla ya kulala.

La pili lilikuwa vumbi. Alipokuwa Dar hakuwa na shida ya mafua. Tangu afike Dodoma, kuanzia Juni hadi mvua zinapokaribia, anaamka akipiga chafya na macho yanamwasha. Tukiwa tunazungumza alifikicha macho kwa nyuma ya mkono tena na tena bila kujua. Aleji huvimbisha sehemu ile na kufanya damu ituame kwenye vishipa vyake, na kufikicha peke yake, kwa ngozi zetu, kunatosha kuacha doa. Niligeuza pia kope la juu kutafuta makovu ya vikope. Mkoa huu umeteswa na trakoma miaka mingi, na Kongwa ni moja ya sehemu za dunia zilizofanyiwa utafiti mwingi sana wa ugonjwa huo, kwa hiyo macho yanayowasha hapa hayapaswi kupita bila kuangaliwa. Hakuwa nao.

La tatu lilikuja na majibu ya maabara. Kiwango chake cha damu, yaani hemoglobini, kilikuwa gramu 9.8 kwa desilita, wakati Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 12 kuwa upungufu kwa mwanamke asiye mjamzito. Hedhi yake ilikuwa nzito kwa zaidi ya mwaka mmoja na alidhani ni kawaida ya umri. Altrasaundi ilionyesha faibroidi ndogo, yaani uvimbe kwenye kizazi, nikampeleka kwa daktari wa wanawake. Upungufu wa damu hautengenezi bonde chini ya jicho, lakini unapausha uso na kuufanya weusi uonekane maradufu. Wale waliokuwa wakimuuliza kama anaumwa walikuwa wanaona kitu cha kweli.

Njia alizokuwa nazo

Fila ndiyo iliyomleta, kwa hiyo niieleze kwa kirefu. Inayotumika chini ya macho huwa ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho. Huwekwa chini kabisa, juu ya mfupa, ikanyanyua bonde na kupunguza kivuli. Nchini Marekani mamlaka ya dawa, FDA, iliidhinisha kwa mara ya kwanza fila mahususi kwa bonde la chini ya macho mwaka 2022, nayo ilikuwa Juvéderm Volbella XC. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wakitumia kwenye macho bidhaa zilizoidhinishwa kwa sehemu nyingine za uso. Kwa mgonjwa sahihi ni tiba nzuri. Siipingi, na nimeona uso uliochoka ukitulia kwa kiasi kidogo tu cha jeli hiyo.

Neno la kushika hapo ni kiasi kidogo. Asidi ya hayaluroniki huvuta maji. Mtu ambaye tayari anavimba asubuhi, ukimwekea jeli inayovuta maji chini ya ngozi nyembamba, uvimbe wake unaweza kugeuka wa kudumu, na hapo atakuwa amelipia mifuko ambayo hakuwa nayo. Ikiwekwa juu juu, huonekana kwa nje kama bonge, na mwanga ukipita ndani yake hutoa rangi ya kibluu: mgonjwa alikuja kutibiwa weusi, anaondoka na weusi wa rangi nyingine. Mara nyingi bonde la wastani linatosheka na nusu mililita kwa upande, wakati mwingine chini ya hapo. Dada huyu aliahidiwa mara mbili ya kiasi hicho, kwa kikao kimoja, na mtu ambaye hakumshika uso.

Halafu kuna hatari ambayo ni nadra, lakini ikitokea haina subira. Fila ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua kipande cha ngozi, au ikasukumwa kurudi nyuma hadi kwenye mshipa unaolisha jicho na mtu akapofuka. Kinachoweza kuiyeyusha jeli ni kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi, nacho lazima kiwepo chumbani mulemule, pamoja na mtu anayejua kukitumia haraka, kwa sababu jicho halivumilii kukosa damu kwa muda mrefu. Nilimwambia dada ampigie yule mtu simu aulize mambo mawili: namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na kama anatembea na hayaluronidesi. Alipiga palepale akiwa ameketi mbele yangu. La kwanza alijibiwa kwamba yeye ana cheti cha mafunzo. La pili hakulielewa. Laki mbili haikurudi, na nilimwambia kwamba kati ya fedha zote alizotumia kwa macho yake, hiyo ndiyo hasara ndogo.

Alinitajia pia PRP, plazma ya damu yake mwenyewe inayozungushwa kwenye mashine na kuchomwa chini ya macho. Kwa ngozi iliyokonda inaweza kusaidia kiasi, vikao vikiwa kadhaa, ila haizibi bonde la maana. Kikubwa kwangu ni usafi. Mwaka 2024 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa taarifa ya wanawake ambao inaelekea walipata VVU kutokana na tiba hiyo ya usoni kwenye saluni isiyo na leseni jimboni New Mexico. Damu ni damu, hata ikiitwa ya urembo, na mwenye saluni anayerudia sindano au kuchanganya vichupa anaweza kukuachia kitu cha maisha.

Leza na dawa za kubandua ngozi niliziweka pembeni kwa haraka. Ngozi nyeusi ikiunguzwa hujibu kwa kuweka doa jipya. Leza zipo zinazovumilika zaidi kwa rangi zetu, zenye mawimbi marefu ya nanomita 1064, lakini kuipiga ngozi iliyotoka kwenye steroidi za miaka minne ni kutafuta balaa. Upasuaji wa kope unawafaa zaidi wenye mifuko ya mafuta, naye hakuwa nayo. Kuhamisha mafuta kutoka tumboni kwenda chini ya macho kunadumu, na likitokea bonge huwezi kuliyeyusha kama jeli. Kwa mtu wa miaka 36 ambaye hatujajua uso wake halisi ukoje, sikuona haja hata ya kulijadili.

Zilizobaki ni krimu. Vitamini C, asidi ya azelaiki, retinoli ya kiwango cha chini: hizi hufanya kazi kwenye doa, polepole, kwa miezi, na hazigusi kivuli. Juu ya zote kuna kinga ya jua. Nasikia kila mara kwamba losheni ya jua ni ya wazungu. Wapo pia wanaodhani ni ya watu wenye ualbino peke yao, maana wanaijua Kilisun iliyoanzia kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa mwenye ualbino losheni hiyo inaokoa maisha. Kwa mwenye ngozi nyeusi inayopambana na madoa, bila hiyo krimu nyingine zote zinafanya kazi ya bure. Iliyo bora kwa madoa ni yenye rangi, kwa sababu ile rangi yake, oksidi ya chuma, huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao nao hukoleza madoa kwa watu weusi. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi mawingu hayaonekani kwa wiki nyingi mfululizo. Mtu anayetembea kutoka kituo cha daladala hadi getini ofisini saa saba mchana ameshapata dozi yake.

Uamuzi, na miezi iliyofuata

Tulikubaliana mpangilio, na nilimwandikia kwenye karatasi kwa sababu ulikuwa mrefu. Kwanza mkorogo uachwe: chini ya macho papo hapo, usoni kwa kushushwa hatua kwa hatua kwa dawa niliyompa. Aleji itibiwe kwa vidonge vya setirizini usiku, dawa ya kupuliza puani na matone ya macho. Aoshe uso akirudi kazini na asifikiche, akiwashwa akande kwa kitambaa cha maji baridi. Madini ya chuma kila siku, mbali na chai. Hili la chai nililirudia, kwa sababu chai huzuia chuma kufyonzwa, na wengi wetu tunameza vidonge asubuhi na kikombe kikiwa mkononi. Kliniki ya macho impime presha ya macho. Krimu za doa zisubiri ngozi itulie. Fila tuizungumze tena mvua zikishaanza, ikiwa bado ataitaka.

"Na sendoff je, dokta?"

Hilo ndilo swali lililompa uchungu, na lilistahili jibu la maana. Hata kama fila ingemfaa, wiki chache kabla ya shughuli si wakati wa kuchoma kitu kipya usoni, maana michubuko na uvimbe havina adabu ya kusubiri sherehe ipite. Kwa siku ile tulichagua mpambaji. Nilimweleza amwombe aweke kwanza konsila, kipodozi cha kufichia madoa, yenye rangi ya chungwa, nyembamba, juu ya kahawia na zambarau, ndipo ile ya rangi ya ngozi yake ije juu; na rangi hiyo ilingane na shingo, si na mashavu yaliyong'arishwa. Picha alinionyesha baadaye. Alipendeza.

Lakini kabla ya kufika kwenye picha alipita kwenye wiki ngumu, na hapa ndipo kesi nyingi za namna hii zinapoharibika. Ngozi iliyozoea steroidi ikikosa steroidi huwaka. Wiki ya pili uso ulijaa vipele, ukawa mwekundu na kuchoma, na rangi ikaanza kurudi kwa mabaka. Alinitumia ujumbe wa sauti usiku, analia: uso unawaka moto, watoto wanamuuliza ameungua na nini, na kopo bado liko juu ya kabati. Nilimwita asubuhi. Niliongeza dawa ya kutuliza, nikamwondolea kila kitu kingine isipokuwa sabuni laini na mafuta ya kawaida yasiyo na manukato, na nikamwomba alete lile kopo. Alilileta. Yule anayesema mtu "aache tu mkorogo" hajawahi kukaa na mgonjwa kwenye wiki hizo. Inatakiwa kuwe na daktari au nesi anayepokea simu, la sivyo mgonjwa anarudi sokoni, na kwa maumivu yale siwezi kumlaumu.

Presha ya macho ilikutwa ndani ya kiwango, na tukapanga irudiwe.

Mwishoni mwa Januari, miezi mitano tangu aanze, damu ilikuwa 12.1. Uvimbe wa asubuhi ulikuwa umekwisha. Ile zambarau ilikuwa imefifia kiasi cha kuonekana kwenye picha tulizopiga kwa taa ileile na mahali palepale. Kahawia ilipungua lakini ipo. Ni lazima niseme pia kwamba mvua zilikuwa zimeshaanza Desemba na vumbi limelala, kwa hiyo sehemu ya nafuu ni ya dawa na sehemu ni ya majira. Watu ofisini, aliniambia, walikuwa wameacha kuuliza. Rangi yake ya asili ilikuwa imerudi usoni karibu yote, na pamoja nayo bonde la chini ya jicho lilionekana sasa lilivyo: la wastani, lenye kivuli chake, halina kingine cha kulichanganya.

Ndipo tukarudi kwenye swali la kwanza. Mwenzangu mmoja niliyemshirikisha kesi hii aliona hakuna haja ya fila tena, kwa kuwa tatizo lililomleta limeshapungua. Mimi niliona tofauti. Bonde lilikuwa la kweli, halivimbi tena, ngozi imepata nguvu, na mgonjwa anajua sasa sindano itafanya nini na haitafanya nini. Kumnyima kwa sababu sisi tunaona inatosha ni kumwamulia juu ya uso wake. Alifikiri kwa mwezi mzima, akaamua kufanya.

Alipanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam mwezi Machi, kwa daktari aliyesajiliwa na mwenye uzoefu wa eneo la macho. Alifanya nilivyomwomba: aliomba aone boksi la fila likiwa limefungwa, aone tarehe ya mwisho ya matumizi, na aonyeshwe hayaluronidesi ilipo. Daktari yule hakukasirika. Alifungua kabati na kumwonyesha. Aliwekewa mililita 0.4 kila upande, kwa kanyula, ile sindano butu, juu ya mfupa. Alipata mchubuko mdogo upande wa kushoto ulioondoka ndani ya wiki. Kwa tathmini yangu kivuli kimepungua kwa zaidi ya nusu. Yeye anasema macho yake yamerudi yalivyokuwa kabla ya mtoto wa pili.

Ameniuliza kuhusu kuongezewa, kwa sababu kwenye simu yake kila tangazo linasema irudiwe kila baada ya miezi sita. Nimemwambia asiongeze. Picha za MRI za watu waliochomwa zimeonyesha jeli ya hayaluroniki ikiwa bado ipo usoni baada ya miaka, hata pale mtu anapodhani imeisha, na anayeongezewa kwa ratiba anajikuta na uvimbe usioeleweka umetoka wapi. Atakuja Septemba, katikati ya vumbi, tuone kama anavimba asubuhi. Akivimba, tutazungumza kuyeyusha kabla ya kuzungumza kuongeza. Vile vidoa vya bluu kwenye shavu la kulia bado vipo. Nilipendekeza tuchukue kipande kidogo cha ngozi kipimwe kama ni okronosisi, akaomba kwanza tuone kinga ya jua itafikia wapi, na hilo nimelikubali. Presha ya macho itapimwa tena siku hiyohiyo ya Septemba.